Kupe katika Delta ya Tana: Kupima hatari bila kupuuza wala kutia chumvi

KAU ni mji wa kale ulio ukingoni mwa mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, katika eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River. Katika karne ya 19 ulikuwa kituo cha biashara kati ya wakazi wa bonde la mto Tana na wafanyabiashara wa pwani, na mfereji wa Belezoni uliochimbwa wakati huo ndio ulioyaunganisha maji ya Tana na ya Ozi. Leo eneo hilo ni sehemu ya Delta ya Tana, ardhi oevu iliyotambuliwa mwaka 2012 chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar.

Kwa mfugaji, delta hiyo ni hazina. Nyika za bara zinapokauka, Waorma, Wawardei na wafugaji wengine huteremsha makundi yao kuelekea malisho ya mtoni, ambako Wapokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wa porini hukutana penye maji na nyasi. Wanapokutana wanyama, kupe nao hukutana na chakula chao.

Juu ya viumbe hao, watu hukosea kwa namna mbili. Kuna wanaowapuuza kwa kuwa wamezaliwa wakiwakuta, na kuna wanaosikia habari za maradhi yanayovujisha damu wakadhani kila kupe amebeba kifo. Kosa la kwanza humpotezea mfugaji ng'ombe, na mara chache humpotezea mgonjwa maisha. La pili hufunga masoko, huharibu chakula, na katika eneo lililowahi kumwaga damu kwa ugomvi wa malisho, laweza kuwasha moto mwingine. Makala haya yanaeleza yale yanayojulikana kuhusu kupe, jinsi hatari yao inavyopimwa, na jinsi inavyofaa kuelezwa kwa umma.

Kupe ni kiumbe gani?

Ingawa wengi humwita mdudu, kupe ni wa jamii moja na buibui na nge. Aliyekomaa ana miguu minane, na chakula chake ni damu. Maisha yake hupitia hatua nne: yai, lava mwenye miguu sita, tunutu, na hatimaye kupe mzima. Aina nyingi zinazoshambulia ng'ombe humng'ang'ania mnyama mmoja katika kila hatua, zikashiba na kudondoka nyasini, kisha zikamsubiri mwingine. Kwa hiyo vimelea alivyovinyonya tunutu kutoka kwa ng'ombe mgonjwa huweza kupelekwa kwa ng'ombe mzima baada ya kupe huyo kukomaa.

Yako makundi mawili makubwa. La kwanza ni la kupe wagumu, wenye gamba mgongoni, ambao hukaa mwilini mwa mnyama kwa siku kadhaa. La pili ni la kupe laini, ambao Waswahili huwaita papasi. Hawa hujificha katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurejea mafichoni. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu anayelala katika nyumba yenye papasi na anayechunga ng'ombe vichakani hawakabiliwi na hatari moja, wala kinga yao si moja.

Tabia ya kupe ilimpa hata nafasi katika siasa. Wakati wa Ujamaa nchini Tanzania, neno "kupe" lilitumika kumtaja mtu anayeishi kwa jasho la wenzake. Lakini katika elimu ya afya matusi hayo hayasaidii. Kupe wengi hunyonya na kudondoka bila kuacha ugonjwa wowote. Kinachotafutwa ni wale wachache walio na vimelea, na mazingira yanayowawezesha kuvihamisha.

Hasara iliyo kubwa ni ya mifugo

Ukihesabu madhara ya kupe Afrika Mashariki, mzigo mkubwa zaidi umo zizini. Ugonjwa unaoongoza ni ndigana kali, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva na kuenezwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Ng'ombe aliyeambukizwa hupata homa kali, tezi zilizo chini ya sikio huvimba, hupumua kwa shida, na mwishowe povu huweza kutoka puani. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huo huua ng'ombe wapatao milioni moja kwa mwaka barani Afrika.

Yapo pia ndigana baridi, maji moyo na ugonjwa wa mkojo mwekundu. Kila mmoja una kimelea chake na aina yake ya kupe. Kwa hiyo kusema "ng'ombe wana ugonjwa wa kupe" hakutoshi, kwa kuwa dawa inayotibu mmoja huenda isifae kwa mwingine.

Aidha, si kila ng'ombe anayekonda katika delta amekondeshwa na kupe. Eneo hilo lina mbung'o, waenezao nagana, na ng'ombe wa Orma Boran wamechunguzwa na watafiti kwa sababu ya uwezo wao wa kuustahimili ugonjwa huo kuliko ng'ombe wengine wa Boran. Anayeogesha mifugo dhidi ya kupe wakati tatizo ni nagana hupoteza fedha na ng'ombe pia.

Hapa pana jambo ambalo lingepaswa kutangulia katika kila tangazo: ndigana kali haimwambukizi binadamu. Hata hivyo, ng'ombe aliyekufa ghafla hapaswi kuliwa, kwa sababu huenda aliyemuua ni kimeta au maradhi mengine yanayoambukiza watu. Nyama hiyo isiguswe hadi afisa wa mifugo aikague. Kauli hizo mbili hazipingani, ila zikitolewa nusu nusu msikilizaji hubaki na hofu isiyo na msingi au na ujasiri usiofaa.

Magonjwa yanayomfikia binadamu

Binadamu naye hushambuliwa, ingawa mara chache zaidi. Ugonjwa wa kwanza wa kutajwa ni homa ya kupe, inayoletwa na bakteria wa jamii ya rikketsia. Mgonjwa huumwa kichwa, hupata homa, na mara nyingi huwa na kidonda kidogo cheusi mahali alipoumwa. Hutibika vyema kwa dawa zinazojulikana, endapo tabibu ataufikiria. Tatizo ni kwamba katika pwani ya Kenya kila homa hushukiwa kuwa malaria. Mgonjwa akipimwa malaria na kuambiwa hana, naye anachunga mifugo, inafaa ajieleze bila kungoja kuulizwa.

Wa pili ni homa ya papasi, ambayo huja, hupoa, kisha hurudi baada ya siku kadhaa. Mwaka 1905 daktari Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiichunguza nchini Kongo, aliugua na kufariki huko Kasongo. Kimelea cha homa hiyo, Borrelia duttonii, kina jina lake. Katika kipindi hichohicho Robert Koch alikuwa akithibitisha katika eneo ambalo leo ni Tanzania bara kwamba papasi ndio waenezaji. Homa hiyo imeendelea kuripotiwa nchini Tanzania, hasa maeneo ya kati, na huwaumiza zaidi watoto wadogo na wajawazito. Kinga yake kubwa ni nyumba isiyo na nyufa na kitanda kilichoinuliwa kutoka sakafuni.

Wa tatu ndio unaotisha zaidi, nao ni homa ya kuvuja damu ya Krimea na Kongo. Virusi vyake hubebwa hasa na kupe wa jamii ya Hyalomma, ambao hupatikana kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo wa maeneo makavu. Mtu huweza kuambukizwa kwa kuumwa, kwa kumpasua kupe kwa vidole, kwa kugusa damu ya mnyama aliyeambukizwa wakati wa kuchinja, au kwa kumhudumia mgonjwa bila kinga. Mnyama mwenyewe haonyeshi dalili. Shirika la Afya Duniani hutaja kiwango cha vifo cha kati ya asilimia 10 na 40 katika milipuko.

Nchini Kenya, mgonjwa wa kwanza wa homa hiyo kuandikwa katika kumbukumbu za kitabibu alipatikana mwaka 2000 magharibi mwa nchi. Baadaye watafiti waligundua virusi hivyo katika kupe waliotolewa kwenye mifugo ya kaskazini mashariki mwa Kenya, upande unaopakana na Tana River. Nchi jirani ya Uganda imekuwa ikitangaza visa vya hapa na pale tangu mwaka 2013. Yote hayo ni ushahidi kwamba hatari ipo. Hayathibitishi kwamba mkazi wa Kau aliyetoa kupe mguuni jana yu hatarini kufa.

Ipo pia homa ya Lyme, ambayo Waafrika Mashariki wengi huisoma mitandaoni au kuisikia kwa jamaa walio Marekani na Ulaya. Kupe wanaoieneza katika nchi hizo si wenyeji wa Afrika Mashariki. Hofu ya Connecticut haifai kuhamishiwa Kipini bila kuangalia kupe ni yupi.

Maswali manne ya kupima hatari

Kiswahili hutumia neno moja, "hatari", kwa mambo mawili tofauti. La kwanza ni kitu chenyewe kinachoweza kudhuru, na la pili ni uwezekano wa kitu hicho kumdhuru mtu fulani. Mamba wa mto Tana ni hatari kwa maana ya kwanza, lakini uwezekano wa kumdhuru mtu wa Garsen mjini ni mdogo sana kuliko wa kumdhuru mvuvi anayeingia majini kila alfajiri. Kupe nao wanapaswa kutazamwa kwa macho hayohayo.

Swali la kwanza ni hili: ni kupe gani wapo? Jibu halipatikani kwa kuangalia ramani ya nchi nzima, bali kwa kukusanya kupe kutoka kwa mifugo na nyasi za eneo husika na kuwatambua, tena kwa misimu tofauti.

Swali la pili ni wangapi kati yao wana vimelea. Hapa ndipo takwimu hupotosha. Maabara nyingi huwapima kupe kwa vikundi ili kupunguza gharama. Kikundi kimoja cha kupe kumi kikionekana kuwa na virusi, maana yake ni kwamba angalau mmoja anavyo, si kwamba wote kumi wanavyo. Tena, kupata chembechembe za virusi ndani ya kupe si sawa na kuthibitisha kwamba watu wanaugua.

Swali la tatu ni nani hukutana nao, na kwa namna gani. Mchungaji, mkamuaji, mchinjaji, mchuna ngozi na daktari wa mifugo wako mstari wa mbele. Mnunuzi wa nyama katika buchari yuko mbali zaidi, na nyama iliyokaguliwa na kupikwa vizuri haina sababu ya kumtia wasiwasi. Mtoto anayecheza na mbwa ana hatari yake, na anayelala sakafuni katika nyumba ya udongo ana yake.

Swali la nne linahusu uzito wa madhara na uwezo wa kuyazuia. Ugonjwa wa nadra unaoua haraka hustahili tahadhari, lakini ugonjwa wa kawaida unaoua ng'ombe kila msimu na kuiacha familia bila maziwa wala karo nao hustahili. Mara nyingi ule wa nadra huandikwa kwa herufi kubwa na ule wa kawaida husahauliwa.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha jinsi hesabu inavyoweza kutisha bila sababu. Tuseme katika kundi la watu 10,000 ugonjwa fulani ulimpata mtu mmoja mwaka jana, na mwaka huu umewapata wawili. Mtu anaweza kuandika kwamba ugonjwa "umeongezeka maradufu", na hatakuwa amesema uongo. Mwingine ataandika kwamba watu 9,998 hawakuupata, naye atakuwa amesema kweli. Msomaji ana haki ya kupewa hesabu zote mbili: waliougua ni wangapi, na kati ya wangapi.

Kwa upande mwingine, ukimya wa takwimu si ushahidi wa usalama. Zahanati isiyo na vipimo vya homa ya kupe haitaripoti mgonjwa hata mmoja, wala mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekufa mbali na barabara hataingia katika hesabu za wizara. Mtaalamu mwaminifu husema waziwazi, "Hatujapata mgonjwa, na tumepima watu wachache." Sentensi hiyo haishushi hadhi ya mtaalamu. Huongeza imani, kwa sababu ikitokea baadaye kwamba mgonjwa amepatikana, umma hautahisi kwamba ulidanganywa.

Somo la mwaka 2006 na 2007

Delta na majirani zake wamewahi kuona jinsi habari za ugonjwa wa mifugo zinavyosafiri. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa na Ijara, kisha ikaenea katika wilaya nyingine zikiwemo za Pwani na Tana River. Ugonjwa huo hauenezwi na kupe. Waenezaji ni mbu, na watu huambukizwa pia kwa kugusa damu, mimba zilizotoka au viungo vya mifugo iliyoambukizwa. Kufikia Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandikisha wagonjwa 684 nchini Kenya, kati yao 155 wakiwa wamefariki.

Serikali ilipiga marufuku uchinjaji na usafirishaji wa mifugo katika maeneo yaliyoathiriwa. Hatua hiyo ilikuwa na sababu, lakini kwa jamii ambayo mfugo ndio benki yake, soko likifungwa ni kama benki imefungwa. Hata mbali na eneo la mlipuko walikuwako walaji waliosusia nyama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ndivyo ilivyo kwa mfugaji aliyepitia kipindi hicho. Akisikia tena kwamba wataalamu wamekuja kutafuta ugonjwa katika ng'ombe wake, jambo la kwanza analoliwaza ni marufuku, wala si chanjo.

Somo linalopatikana ni kwamba gharama ya tangazo la afya hulipwa na watu, na si wote hulipa sawasawa. Mkazi wa Nairobi aliyeacha nyama kwa mwezi mmoja alibadilisha kitoweo. Mfugaji asiyeweza kuuza mbuzi alikosa unga, dawa na ada ya shule. Kwa hiyo kabla ya kutangaza marufuku, wahusika wanapaswa kueleza inalenga nini, itadumu hadi sharti gani litimie, na mwananchi atasaidiwaje kwa wakati huo.

Maneno yanayojenga na yanayobomoa

Mtaalamu wa Marekani Peter Sandman, ambaye ameandika mengi juu ya mawasiliano ya hatari, alieleza kwamba watu hupima hatari kwa kuchanganya mambo mawili: ukubwa wa madhara na kiasi cha ghadhabu wanayoihisi. Jambo lililoletwa na mtu mwingine, lisiloeleweka, au lililofichwa huwaudhi watu kuliko jambo walilolizoea, hata kama lililozoeleka ndilo linaloua zaidi. Ndiyo maana kumwambia mtu "usiogope" hakumtulizi. Kinachomtuliza ni kuelezwa anachoweza kufanya.

Katika Delta ya Tana suala la lawama si dogo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma, yaliyochochewa na mvutano wa ardhi, malisho, maji na siasa. Katika mazingira hayo, kusema "ng'ombe wa wageni wameleta kupe wa hatari" si taarifa ya afya tena. Kupe hasafiri kwa kabila. Huenda na ng'ombe, mbuzi wa mkulima, mbwa wa kijiji na wanyama wa msituni vilevile. Nyati, kwa mfano, hubeba kimelea cha ndigana kali bila kuugua.

Historia ya ugonjwa huohuo inatoa onyo. Ulipozuka Rhodesia Kusini mnamo mwaka 1902 na kuangamiza ng'ombe, ulihusishwa na mifugo iliyopitia pwani ya Afrika Mashariki, na kwa Kiingereza jina la pwani hiyo limeng'ang'ania ugonjwa hadi leo. Waswahili na majirani zao walikuwa na neno lao, ndigana, lisilomsingizia mtu wala mahali. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, watu au jamii.

Tangazo linalofaa huwa na sehemu sita: nini kimeonekana, wapi na lini, nani yuko hatarini na nani hayuko, nini hakijathibitishwa bado, mtu afanye nini leo, na taarifa nyingine itatolewa lini. Litolewe kwa Kiswahili, na pia kwa Kiorma na Kipokomo. Linapotolewa mnadani, msikitini, kanisani au redioni, msemaji awe mtu anayejulikana na watu, pamoja na mtaalamu wa kujibu maswali. Kwa kuwa huduma za mifugo na za afya za mashinani ziko chini ya kaunti kufuatia Katiba ya mwaka 2010, maafisa wa idara hizo mbili wanapaswa kusema kwa kauli moja. Mfugaji akiambiwa jambo moja na daktari wa ng'ombe na jingine na muuguzi, atafuata la tatu kutoka kwa jirani.

Hatua zinazofaa, na zisizofaa

Mtu akimkuta kupe mwilini, asimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kijinga cha moto. Amshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, amvute polepole bila kumpinda, kisha aoshe mahali hapo na mikono yake kwa sabuni. Asimpasue kwa vidole. Akumbuke tarehe hiyo. Akipata homa katika majuma mawili yanayofuata, aende zahanati na aeleze kwamba aliumwa na kupe. Asipopata homa, hana haja ya kumeza dawa yoyote.

Wachinjaji na wasaidizi wa mifugo wanapozaa wavae glavu na nguo ndefu, na vidonda vya mikono vifunikwe. Wachungaji wajikague wanaporudi jioni, hasa nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Katika nyumba za udongo, nyufa zizibwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa papasi msemo huo ni kweli neno kwa neno.

Kwa mifugo, silaha ya zamani ni josho. Majosho mengi ya umma nchini Kenya yaliachwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, serikali ilipopunguza gharama zake, na wafugaji wengi wakahamia pampu ya mgongoni. Pampu inafaa ikiwa dawa imechanganywa kwa kipimo na kufika masikioni, chini ya mkia na kwapani. Dawa ikipunguzwa maji yakawa mengi, kupe dhaifu hufa na wenye usugu hubaki kuzaa. Ikizidishwa, huwadhuru mnyama na anayenyunyiza, na mabaki huweza kuingia katika maziwa. Dawa ya kuua wadudu wa shambani haifai kwa ng'ombe, na haifai kamwe kupakwa kichwani mwa mtoto.

Ipo pia chanjo ya ndigana kali, iliyoasisiwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini, na kinga yake huweza kukaa maisha yote. Wafugaji wa Kimaasai nchini Tanzania wameitumia kwa wingi. Hata hivyo, ina gharama, huhitaji kuhifadhiwa katika baridi kali, na kinga yake hupungua pale ng'ombe wanapochangamana na nyati. Haizuii ndigana baridi wala maji moyo, kwa hiyo aliyechanja haachi kabisa kuogesha.

Si lazima kila kupe auawe. Ng'ombe wa asili wanaokutana na kupe wachache tangu udama hujenga ustahimilivu. Wakiogeshwa bila kukoma kwa miaka, kisha dawa ikakosekana, huweza kuangamia kwa pamoja. Ng'ombe wa kigeni wa maziwa hawana ustahimilivu huo na huhitaji ulinzi mkali zaidi. Ushauri mmoja kwa zizi zote, kwa hiyo, si ushauri mzuri.

Wanaopaswa kuangaliwa zaidi

Hali ya hewa hubadilisha hesabu. Ukame wa kati ya mwaka 2020 na 2023 uliyasukuma makundi mengi kuelekea maji, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliwakusanya watu na mifugo katika miinuko michache. Katika misongamano ya namna hiyo ndipo wanyama wa makundi tofauti hulala pamoja na kupe kupata wenyeji wapya. Hapo ndipo uchunguzi unapofaa kuongezwa, kabla ya mtu wa kwanza kuugua.

Anayepaswa kufikiwa kwanza ni yule aliye karibu zaidi na kupe na mbali zaidi na zahanati. Huyo ni kijana mchungaji wa malisho ya mbali na mama anayekamua alfajiri, wanaonunua dawa kwa muuzaji wa soko asiyejua kusoma maelezo ya chupa. Hao hawahitaji kutishwa, kwa kuwa maisha yao yana vitisho vya kutosha. Wanahitaji kujua kwamba tezi iliyovimba chini ya sikio la ndama ni dalili ya kumwita daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na kwamba homa isiyo malaria ina jina na mara nyingi ina tiba.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Wakazi wa Kau na delta yote wana haki ya kuambiwa ukubwa wa hatari hiyo kama ulivyo, pamoja na kazi inayowahusu ya kuipunguza.